Orodha ya Wafiwa wa Hesketh Valmond

Hapa kwetu Anse Zandoli mtu hufa mara mbili. Mara ya kwanza anakata roho, na hilo ni jambo lake binafsi. Mara ya pili anasomwa redioni, baada ya bei ya ndizi na kabla ya hali ya bahari, na hapo ndipo kifo chake kinapokuwa rasmi. Asiyesomwa hajafa vizuri. Na aliyefiwa, kama hakutajwa katika orodha ya wafiwa, basi hakufiwa. Anaruhusiwa kusikitika kidogo, kama mpita njia yeyote.

Hesketh Valmond, mwoka mikate, tuliyemwita Papa Dipen, yaani Baba Mkate, alikufa mara ya kwanza siku ya Jumanne asubuhi, mbele ya tanuri lake, akiwa na umri wa miaka sitini na mmoja. Mikate iliyokuwa ndani iliungua. Jambo hilo halikuwa limetokea tangu kimbunga kilichobeba paa la kanisa, kwa hiyo kijiji kizima kilinusa msiba kabla ya kuusikia.

Aliyemdaka asiangukie makaa ni Ozias Peltier. Ozias na Hesketh waliishi katika nyumba moja, juu ya tanuri hilo, kwa miaka ishirini na sita. Walikuwa binamu. Sote tulijua kwamba walikuwa binamu, kama tunavyojua kwamba padri hanywi. Hakuna aliyeweza kusema ni binamu kwa upande gani, na hakuna aliyeuliza. Neno lenyewe lilishonwa na kijiji kizima, kila mtu akachangia kipande chake, na lilitufaa sote: wao walipata usalama, sisi tukapata mikate.

Sheria ya nchi ilisema wanaume wawili wakiishi vile, mahali pao ni jela. Halafu Aprili ya mwaka jana mahakama kule Roseau, mji mkuu, ikaifuta. Mchungaji wa kanisa la kilimani alihubiri Jumapili tatu mfululizo kwamba sasa Dominica yote itakosa mvua. Mvua ikanyesha mpaka daraja likaenda baharini. Akahubiri kwamba adhabu yenyewe ndiyo hiyo. Hesketh na Ozias waliendelea kuwa binamu. Mtu havui koti la mvua siku ya kwanza jua linapotoka.

Jumatano Ozias alikwenda Portsmouth kuandikisha kifo. Karani alikuwa msichana mwenye kucha za kijani, na aliuliza maswali bila kuinua macho.

"Jina la marehemu?"

"Hesketh Aurelius Valmond."

"Wewe ni nani wake?"

"Binamu," alisema Ozias. Lilitoka lenyewe, kama mtu anavyojibu "nzuri" akiulizwa habari za asubuhi huku jino linamuuma.

"Soma hapo chini kabla hujatia saini."

"Sikuja na miwani, binti yangu."

"Imeandikwa usidanganye. Ukidanganya ni kosa. Saini hapa."

Akatia saini.

*

Alhamisi mchana alifika Vernice, dada wa marehemu, kutoka kisiwa cha Saint Thomas. Alikuja na masanduku mawili na gauni jeusi ambalo halikuwahi kukunjwa. Aliwekewa kiti karibu na mlango, na foleni ikaanza.

Pole hapa kwetu hutolewa kwa mkono. Unamshika mfiwa mkono wa kulia, unautikisa mara moja, unasema maneno, unapita kwenda kwenye kahawa. Wanakijiji walimshika Vernice mkono mmoja baada ya mwingine. Walimpa pole watu ambao hawakuwa wamemwona kwa miaka kumi na mmoja, na wengine ambao hawakuwa wamemwona kabisa. Wakapita kwenda kwenye kahawa, na aliyekuwa akimimina kahawa ni Ozias.

"Asante, Mista Ozi," walisema. Na "Mista Ozi, mkate huu wa leo?" Na "Mista Ozi, kikombe hiki kina ufa."

Bolo, dereva wa lori la mchanga, ambaye huchekesha kwenye misiba yote na hulipwa kwa ramu, alikuwa ameketi kwenye meza ya dhumna.

"Mista Ozi, sukari!"

"Ipo hapo mbele yako, Bolo."

"Si unisogezee? Mwenzako nimefiwa."

Meza ikacheka. Ozias akamsogezea sukari. Alimtilia vijiko vitatu, kama Bolo anavyopenda, akakoroga, akarudi kwenye birika.

Jioni, wageni walipopungua, Vernice alipata karatasi ya Portsmouth juu ya kabati la vyombo. Aliisoma akiwa amesimama.

"Binamu?"

Ozias alikuwa anafuta meza.

"Mama yangu alizaliwa peke yake," Vernice alisema. "Baba alikuwa na kaka mmoja, akazama akiwa na miaka tisa. Wewe binamu umetokea wapi? Kwenye tanuri?"

"Ndivyo tulivyokuwa tukisema siku zote, Vernice. Hata wewe ulisema. Ulikuja Krismasi ile na rafiki zako, ukawaambia huyu ni binamu yetu Ozias."

"Mimi nilisema kwa mdomo. Wewe umeandika kwenye karatasi ya serikali, chini ya jina la baba yangu. Unajua wanafungwa watu kwa hili?"

"Najua kuna mengi watu walikuwa wanafungiwa."

"Usinijibu hivyo. Kesho tunarudi Portsmouth, na utalifuta mbele yangu."

Alilala chumba cha mbele. Nyumba hakuitaka, na hilo tuliseme ili tusimsingizie: hati ina majina mawili, na yeye ana yake Saint Thomas, yenye bomba la maji moto. Alichotaka ni jina la Valmond lisomwe redioni likiwa safi, bila mtu kanisani kwake kupandisha nyusi.

*

Ofisini Portsmouth benchi lilikuwa limejaa. Kulikuwa na mzee mwenye kikohozi, mama aliyepakata mtoto asiye na cheti, na kijana mmoja na kuku wake, ambaye mpaka leo hatujui alikuja kuandikisha nini.

"Kwa hiyo juzi ulidanganya," alisema karani. Safari hii aliinua macho.

"Ndiyo, miss."

"Kwa nini?"

Swali hilo lilikuwa gumu kuliko lilivyoonekana. Kwa miaka ishirini na mitano kosa lilikuwa ukweli, na uongo ndio uliokuwa unamlinda mtu. Sasa ukweli na uongo walikuwa wamebadilishana viti mahakamani, watu wakubwa wamepiga makofi, na hakuna aliyekuja Anse Zandoli kuufahamisha ulimi wa Ozias Peltier.

"Mazoea," alisema.

"Basi wewe ni nani wake?"

"Tuliishi pamoja."

"Mpangaji?"

"Hapana."

"Mwajiriwa wake?"

"Hapana. Tanuri ni letu sote."

"Sasa mimi nitajuaje, mzee? Nisaidie. Ukiniambia mliishi pamoja, hata mbwa wangu naishi naye."

Vernice alikuwa anasoma kalenda ya ukutani kwa bidii kubwa, ingawa ilikuwa ya mwaka juzi. Ozias aliinamisha kichwa kwenye dirisha dogo la kioo, na kwa kuwa kioo kile kina tundu moja tu la kusemea, ilimbidi apaze sauti.

"Miss, kitanda kilikuwa kimoja. Mimi nililala upande wa ukuta."

Mzee wa kikohozi akaacha kukohoa. Kuku alisema neno moja.

Karani aliitazama fomu, juu mpaka chini, kisha akaigeuza nyuma kana kwamba msaada uko huko. "Hakuna kisanduku," alisema.

"Najua."

"Kuna mke, kuna mume lakini inataka cheti. Mtoto, mzazi, ndugu." Kucha ya kijani ikashuka mpaka mwisho. "Kuna 'mwingine, eleza.' Ni mstari mmoja tu, usiandike sana."

Ozias aliazima miwani ya mzee wa kikohozi. Akaandika: *Tuliishi pamoja miaka 26.* Karani akagonga mhuri, akasema masahihisho ni dola kumi. Mbingu hazikuanguka. Mzee alirudishiwa miwani yake akaendelea kukohoa.

Njiani kurudi, walipofika kwenye daraja jipya, Vernice alimgeukia. "Ulikuwa na sababu gani ya kusema habari ya ukuta?"

"Aliuliza."

*

Matangazo yote ya vifo ya Anse Zandoli huandikwa na Mwalimu Eudora Lestrade, ambaye ana miaka sabini na minane na alitufundisha karibu sote kusoma, pamoja na marehemu, pamoja na mtu anayesoma redioni. Ameandika matangazo mia mbili na kumi na nne. Mpaka wiki ile hakuwahi kusahihishwa hewani. Vijiji vingine husahihishwa kila wiki: wamesahau mjukuu aliyeko Guadeloupe, wamemwita hai aliyekufa. Mwalimu Lestrade huwatazama watu wa vijiji hivyo kama wagonjwa.

Mpangilio anaujua kama sala. Kwanza mume au mke. Au, kwa wale ambao hawakufika kwa padri, yaani nusu ya kijiji, mwenzi. Halafu watoto, wazazi, ndugu, wapwa, watoto wa ubatizo. Mwisho kabisa marafiki wa karibu, na hapo unaweza kumtia yeyote. Mwalimu huenda misa kila siku na hapendi mambo ya wenzi, lakini huyaandika. "Tangazo si kitubio," husema.

Ijumaa alasiri waliketi sebuleni kwake, Vernice kwenye kochi, Ozias ameshika kofia.

"Dada mmoja, Vernice wa Saint Thomas," alisema Vernice. "Wapwa watatu. Halafu marafiki."

"Na Ozias?"

"Kwenye marafiki, nafasi ikipatikana."

Mwalimu aliweka kalamu chini. "Ozias. Wewe unataka uandikwe nini?"

"Sitaki ugomvi, Mwalimu. Ila nisiwe binamu. Hilo nimeshalifuta."

"Sikukuuliza usiwe nini. Sikukufundisha kujibu hivyo."

Ozias aliizungusha kofia mara moja nzima. "Mwenzi," alisema.

"Mwenzi!" Vernice aliinuka. "Redioni! Mwalimu, kanisani kwangu wanaisikiliza redio ya huku kwenye simu, kila Jumamosi, wanatafuta misiba ya watu. Utamweka huyu juu yangu?"

"Mwenzi hutangulia ndugu. Si mimi niliyeupanga mpangilio, niliukuta."

"Mimi ni damu yake!"

"Winston wako alipokufa," alisema Mwalimu, "niliandika 'mwenzi wake, Vernice'. Mke wake wa kanisani alikuwa hai, yuko Antigua, na aliniandikia barua ambayo siwezi kuisoma mbele ya watu. Nyinyi mlikaa miaka tisa."

"Winston alikuwa mwanamume na mimi ni mwanamke. Mwalimu, wewe unayekula komunyo kila asubuhi, niambie hapa ni sawasawa."

Ukweli ni kwamba Mwalimu mwenyewe hakuona kuwa ni sawasawa. Hajawahi kuona hivyo. Alitazama dirishani, pale kingoni, ambapo kila asubuhi kwa miaka mingi huwekwa mkate mdogo usio na chumvi, kwa ajili ya presha yake. Hesketh aliukanda, Ozias aliuleta.

"Wewe ndiye ndugu," alimwambia Vernice hatimaye. "Saini ni yako."

"Basi marafiki."

Kalamu ikaandika marafiki. Ozias akavaa kofia, akasema asante Mwalimu, maana ndivyo tulivyofundishwa.

*

Jumamosi saa sita na nusu redio zote za kijiji zilikuwa wazi. Barazani kwa marehemu watu walisimama, kama kawaida, vikombe mkononi.

"Anse Zandoli inatangaza kifo cha Hesketh Aurelius Valmond, anayejulikana zaidi kama Papa Dipen, kilichotokea akiwa na umri wa miaka sitini na mmoja. Ameacha dada mmoja, Vernice. Wapwa watatu, Kerwin, Shermaine na Delroy. Watoto wa ubatizo kumi na wawili. Marafiki wa karibu: familia ya Toussaint, Chama cha Madereva wa Malori, Muuguzi Ignatia, Bolo, Ozias Peltier, na wengine wengi wasioweza kutajwa. Mazishi ni Jumanne, saa tisa alasiri."

Ilisomwa vizuri, bila kosa.

Kisha watu wakafanya kinachofanywa baada ya tangazo: wakawageukia waliotajwa. Walianza na Vernice. Halafu, kwa kuwa alikuwepo na alikuwa ametajwa, wakamfuata Bolo.

"Pole, Bolo."

"Mimi?" alisema Bolo, akiwa na kipande cha shelisheli mdomoni. "Aa, asante. Tulipendana sana. Krismasi alininyima keki."

Walicheka. Wa pili akaja, pole Bolo. Wa tatu. Ozias alikuwa anapita katikati na sinia la samaki wa moshi, na kila aliyekwenda kumpa Bolo pole alimpisha kwa adabu, akachukua kipande cha samaki, akaendelea. Kufika mkono wa nne Bolo alikuwa hana mzaha tena. Bolo alimwambia wa tano, "Hebu niache, bwana, nenda kakae." Akaenda kusimama nyuma ya lori lake, akakaa huko mpaka vikombe vilipooshwa.

Ozias alioshea vikombe jikoni, arobaini na viwili. Kimoja kilikuwa cha Hesketh, cha bluu, kilichotiwa kimakosa katika vikombe vya wageni. Alikiosha, akakifuta, akakiweka chini ya ngazi mahali pasipo na mtu. Halafu akashuka kuwasha tanuri, kwa sababu Jumapili watu wanakula.

*

Mwalimu Lestrade ana desturi moja ambayo hakuwahi kumwambia mtu, lakini sisi tunaijua, maana madirisha yake hayana mapazia. Kila tangazo lake likisomwa, yeye hulifuata kwa kalamu nyekundu kwenye nakala yake, kisha hujipa alama. Mara mia mbili na kumi na tatu alijipa kumi juu ya kumi.

Jumapili baada ya misa alikuwa bado hajajipa. Mkate usio na chumvi ulikuwa kingoni, bado una joto. Aliukata, akala nusu, akaisoma nakala tena. Jina sahihi. Umri sahihi. Wapwa sahihi, kwa mpangilio wa kuzaliwa. Herufi zote mahali pake. Akafika kwenye marafiki wa karibu, na kalamu ikazunguka jina la tano.

Hakubadili maoni yake kuhusu lolote. Alikuwa ametoka kupiga magoti nusu saa na maoni yake yalikuwa palepale alipoyaacha. Ila tangazo lilikuwa na kosa, na aliliandika akijua.

Akajipa tatu juu ya kumi. Chini yake, kwa mwandiko uleule uliotutetemesha sote, akaandika: *Nione.*

Kisha akapiga simu redioni.

"Tunapokea masahihisho kutoka kwa mwandishi wa tangazo tu, mama," ilisema sauti.

"Mimi ndiye mwandishi. Keti vizuri, Julian, nakusikia unavyokoroma kwa pua."

"Mwalimu? *Wewe?* Kosa ni la mchapaji?"

"Kosa ni la mwandishi. Andika."

*

Masahihisho husomwa mara tatu kwa siku, ndiyo kanuni. Jumatatu saa moja asubuhi, Ozias alipokuwa anachomoa mikate ya kwanza, Julian alikohoa hewani na kusoma:

"Masahihisho. Katika tangazo la Hesketh Aurelius Valmond wa Anse Zandoli, isomeke kwamba marehemu ameacha mwenzi wake wa miaka ishirini na sita, Ozias Peltier. Na dada mmoja, Vernice. Mwandishi anaomba radhi."

Vernice aliifikia redio kwenye neno "mwenzi" na kuizima. Redio ya jirani wa kushoto ikamalizia sentensi, na ya jirani wa kulia, iliyo nyuma kidogo, ikamalizia tena.

Dirishani kwa mikate kulikuwa na foleni. Mwanamke mmoja wa kanisa la kilimani alitoka kwenye mstari, akaenda zake bila mkate, na leo bado hununua biskuti. Wengine walitazama viatu. Redio ilikuwa imesema, na aliyesemwa alikuwa hapo mbele yao, na desturi ni desturi. Lakini hakuna aliyejua inaanzaje.

Bolo alikuwa wa tatu. Aliwapita wawili wa mbele.

"Mista Ozi," alisema. "Lete mkono."

"Mkono una unga, Bolo."

"Mimi nabeba mchanga, wewe unaniambia habari za unga? Lete mkono, bwana."

Ozias alitoa mkono nje ya dirisha, mweupe mpaka kwenye kiwiko. Bolo aliushika, akautikisa mara moja.

"Pole sana kwa msiba," alisema. Alitafuta kitu cha kuchekesha cha kuongezea, tulimwona akitafuta, na hakukipata. "Na mikate minne."

Ozias alifunga ile mikate minne kwa muda mrefu sana. Alipoinua uso, aliyefuata alikuwa ameshatoa mkono.

Kwa hiyo siku ile, kwa mara ya kwanza tangu kijiji kianzishwe, maoni ya umma yalionekana kwa macho. Aliyempa Ozias pole alikuwa na unga kwenye kiganja cha kulia, na asiyempa alikuwa msafi. Mkuu wa posta alikuwa mweupe. Muuguzi Ignatia alikuwa mweupe. Mchungaji alikuwa msafi sana. Padri alitembea na mikono mifukoni, na hatuna la kusema juu yake. Kufikia adhuhuri tulikuwa karibu nusu kwa nusu, na watu walikuwa wanasalimiana kwa kutazamana mikono kwanza.

Saa sita na nusu Vernice hakuizima redio. Alikwenda nyuma ya nyumba kuanika taulo moja kavu.

Saa kumi na mbili jioni, Julian aliposoma kwa mara ya tatu, Vernice alikuwa ameketi kwenye kiti chake karibu na mlango, na hakuinuka. Tangazo likaisha. Ikaja hali ya bahari. Aliisikiliza yote. Kisha akashuka ngazi kwenda chini kwenye tanuri, akasema anakwenda kuchukua mkate wa wageni.

Alikaa huko kwa muda ambao mkate hauhitaji. Aliporudi hakuwa na mkate wowote, na sala za jioni zilikuwa zimeanza. Akapenya katikati ya watu, akapiga magoti mbele, mgongo wake ukitutazama sote. Kwenye gauni lile jeusi lisilowahi kukunjwa, chini kidogo ya bega la kushoto, kulikuwa na kiganja cheupe chenye vidole vitano.

Hakuna aliyeuliza. Sisi ni watu wenye adabu. Tuliishi miaka ishirini na sita bila kuuliza.